Mia Hasara

Al-Safa, Jeddah
Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi

Kwako Baba mpendwa, fundi wa redio wa Mwatate,

Shikamoo Baba. Mimi ni mzima, mikono yangu yote miwili inafanya kazi, na sauti ya kuimba jikoni bado ninayo, ingawa madam ananiomba niipunguze. Wasiwasi wangu uko kwenu. Jicho la kulia linasemaje? La kushoto najua liligoma tangu mwaka jana. Magoti ya Mama je, na yule kuku wake mkorofi? Nawe Mghoi mdogo wangu, unayemsomea Baba, hujambo? Soma polepole, usiruke mahali, na ukifika kwenye aibu yangu usishushe sauti. Baba hajambo masikio, atajua umeruka.

Nianze na lililo zito, usije ukakaa kwenye kiti ukilisubiri. Siji na Barasa. Barasa ni huyo dereva wa nyumba hii aliyekuletea barua, mpeni chai na msimwache aondoke bila kula. Tulipanga tupande ndege moja, mimi nifike nyumbani, twende pamoja hospitali Voi ukafanyiwe jicho. Sasa yeye amekuja na mimi nimebaki. Simuni nisingeweza kukueleza, maana kwenye simu wewe ni haloo, haloo, unanisikia, mpaka muda unatuishia. Barua utasomewa hata mara tatu.

Najua ulivyomwambia daktari. Mghoi alinieleza: kwamba hagusi jicho lako mtu yeyote mpaka Wakio awe amekaa pembeni anahesabu skrubu. Alisema watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua unachosema. Tangu nikiwa darasa la pili nilikaa chini ya meza yako nimeshika kifuniko cha mkebe, kila skrubu ikitoka naipokea, naitaja namba. Ukifunga redio, kifuniko lazima kibaki kitupu. Hukumwamini fundi yeyote anayefungua kitu bila mtu wa kumhesabia. Lakini Mghoi alinieleza na jambo jingine ulilomkataza kusema, kwamba siku hizi Mama akiingia ndani unauliza ni nani. Hilo limekaa nami tangu siku hiyo, nikifua, nikipika, hata nikiwa kanisani kwenye simu na wenzangu.

Sasa nikueleze kilichonizuia. Ni sikio langu, Baba, pamoja na majivuno yangu.

Unajua kwamba tulihama Riyadh tukaja huku Jeddah baada ya bosi kuhamishwa kazi. Kule Riyadh tulikaa kwenye nyumba ya bibi yao, nyumba ya watu wengi, na chumba cha Rahaf sikuruhusiwa kukigusa. Rahaf ni binti yao wa pekee, yuko chuo kikuu, makamo ya Mghoi. Hobi yake ni gemu. Ana meza nzima ya gemu, skrini mbili, spika, taa za kubadilika rangi, na mashine kubwa nyeusi ambayo mjomba wake alimletea kutoka Amerika. Anacheza na binamu zake waliobaki Riyadh, wanaongea kwa vile vya kuvaa masikioni. Hapa Jeddah hana rafiki hata mmoja. Siku za kwanza nilikuwa nikimsikia anacheka peke yake alasiri, nikadhani mtoto wa watu amepatwa.

Basi siku moja madam akapita chumbani kwake, akaona vumbi chini ya meza, akapiga kelele. Mimi nilipoinama kutazama, si vumbi lililonishtua. Waya zilikuwa zimelala pale kama tambi zilizomwagika. Adapta nne zilikuwa juu ya zulia, ekstensheni mbili zimechomekwa moja ndani ya nyingine, na ile ya chini plastiki yake ilikwisha kuwa rangi ya kahawia. Ungeiona ungevua kofia ukampiga nayo mtu. Nikamwambia madam, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, hii si ya kufagia, hii nipe asubuhi nzima. Akasema yalla, yaani haya.

Rahaf kabla ya kwenda chuoni alinionyesha mambo. Alikuwa na haraka, mkoba begani, anaongea huku anaelekea mlangoni.

"Shuf, Wakio, tazama. Hii usiguse hapa. Hii sawa. Hii sawa." Kisha akapiga teke kwa mguu sanduku moja la chuma lililokuwa nyuma kabisa ya meza, zito, la rangi ya kijivu. "Hada miya wa ashara. Tamam?"

"Tamam," nikasema, yaani sawa.

Hapo ndipo pa aibu, Mghoi, usishushe sauti.

Unajua jinsi ninavyosikiliza Kiarabu. Nilipofika nchi hii sikujua neno, lakini nikagundua kwamba nusu yake ninayo nyumbani. Sabuni ni sabuni. Sukari ni sukari. Kahawa, dakika, habari, samaki, yote nayasikia. Wenzangu kutoka Uganda walihangaika miezi, mimi wiki ya pili nilikuwa namwelewa madam. Nikaota mapembe. Kwa hiyo Rahaf aliposema miya wa ashara, mimi nilisikia mia hasara. Tena na teke juu yake! Nikaelewa vizuri kabisa: hili sanduku ni hasara, hasara mia, limeharibika, litoe. Nikalibeba kifuani kama mtoto, zito ajabu, nikaliweka nje karibu na pipa la takataka. Kabla ya saa sita mwokotaji wa vyuma alikwisha kupita nalo.

Kisha nikafanya kazi, Baba, na kazi yenyewe sitaki kuionea aibu. Nilichomoa kila kitu kwanza. Kila waya niliufunga uzi wa rangi pande zote mbili, mwekundu wa skrini, kijani wa spika, mweupe wa intaneti, namna ulivyokuwa ukifunga zile redio za kanisani ili mtu asichanganye. Barasa alinipa tyubu kuukuu ya gurudumu, nikaikata vipande vyembamba vya kufungia, maana mpira wa tyubu haukati waya wala hauteremki. Ile ekstensheni ya kahawia niliitupa, nikamtuma Barasa anunue nyingine nzito. Adapta nikazipandisha kutoka kwenye zulia, kila moja na nafasi yake ya kupumua. Waya za umeme zikapita upande mmoja wa meza, za sauti na picha upande wa pili. Nilipomaliza nilikaa sakafuni nikatazama, nikasema kwa sauti, baba yangu Mzee Mwakio angepita hapa angekosa la kusema.

Bado adapta ya ile mashine ya Amerika. Plagi yake ina meno mawili bapa, na soketi za huku zinakubali kila aina ya meno. Ikaingia bila ubishi. Nikawasha nijaribu.

Ta! Mara moja tu, kisha harufu. Ile harufu naijua kuliko ya mandazi. Sikuhitaji kugeuza kitu ili nijue, lakini niligeuza, nikasoma mgongo. Volti mia na kumi. Miaka yote uliniambia, soma mgongo kwanza, hata kama kitu umekifungua jana, soma mgongo kwanza. Nyumbani sikuwahi kuona mgongo usiosema mia mbili na arobaini, basi nikaacha kusoma. Huku, Baba, kuna umeme wa aina mbili. Nyumba ya bibi kule Riyadh ilikuwa na ule mdogo. Nyumba hii mpya ina mkubwa, na lile sanduku la chuma lilikuwa transfoma ya kuupunguza.

Nilimwita Barasa kwenye gari nikamweleza yote. Akanitazama.

"Wakio, ashara ni ten. Miya wa ashara, one-ten. Wewe ulisikia nini?"

"Hasara."

Alicheka mpaka akaishika boneti. Aliponiona sicheki akatazama lango, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa sikiza. Fungasha kila kitu vile kilikuwa. Wakiuliza, mafi malum, hujui kitu. Stima ilipotea ikarudi, mashine ikaungua. Nani ataenda kuuliza stima? Karatasi zako za kutoka zinafanywa wiki hii, Wakio. Usijiharibie."

Alikuwa anasema kweli. Pasipoti yangu iko kwa kafili, yaani bosi, na bila yeye kuniombea ruhusa ya kutoka na kurudi, siendi hata uwanja wa ndege. Na alikuwa ameahidi kuiomba wiki ileile. Nilirudi chumbani nikakaa sakafuni tena. Sikufikiria mambo ya dini, nisikudanganye. Nilikufikiria wewe unauliza ni nani. Nilisema moyoni, nyamaza Wakio, nenda nyumbani.

Lakini madam haipendi ile gemu. Alikwisha kumwambia Rahaf kwamba siku itakapoleta balaa ndani ya nyumba, itatoka. Nikinyamaza, balaa ni la Rahaf. Angekaa alasiri zake kwenye chumba hicho bila wa kucheka naye, kwa kosa la sikio langu. Na kitu kingine, Baba, ambacho wewe utakielewa upesi zaidi: wangenunua mashine nyingine wakaichomeka palepale nilipopapanga mimi, ikaungua nayo. Kazi yangu ingekuwa mtego.

Walipokaa kunywa kahawa nikaenda na ile adapta mkononi. Nikasema, mimi nimeunguza. Madam akaanza, "Lesh, Wakio? Lesh?" kwa nini, kwa nini, na sauti inapanda. Rahaf alikimbia chumbani, akarudi uso umebadilika, akauliza transfoma iko wapi. Nikamwambia nilivyosikia. Kumbe kwao pia hasara ni hasara, wanalitoa kooni tu. Akanikazia macho, midomo inamcheza, akajizuia. Bosi hakupiga kelele. Alipokea adapta, akainusa, akairudisha.

"Mashine ikiwaka, nitashughulikia safari," akasema. "Kabla ya hapo, halas, basi."

Nilikuwa na hasira, Baba. Si na yeye, kwa kweli, ingawa na yeye kidogo. Nikamwomba nipeleke adapta kwa fundi mwenyewe. Akakubali, mradi Rahaf aende nami. Tulisubiri mpaka siku ambayo hakuwa na masomo. Barasa akatupeleka Karantina, kusini mwa mji, wanakokaa watu wetu Waafrika wengi. Rahaf hajawahi kufika kule maishani mwake. Alifunga kioo cha gari, akakifungua kidogo, mwishoni akashuka.

Fundi ni mzee wa Kichadi mwenye meza chini ya mwavuli na rundo la simu za watu. Alisema rudi wiki ijayo. Nikamwambia sitaki anitengenezee, aniazime tu chuma cha kuchomelea na risasi. Akanitazama juu mpaka chini. Akauliza nani alinifundisha.

"Abuya," nikasema. Baba yangu.

Alisimama akanipisha kiti.

Nikatafuta kifuniko cha kuwekea skrubu, sikuona. Rahaf akanyoosha kiganja. Basi nikafungua, yeye akihesabu: wahid, ithnein, thalatha, arba. Nne. Ndani palikuwa kama ulivyonifundisha kwenye redio za Kijapani. Fyuzi imekatika, na kile kidude cha duara kinachosimama mlangoni mwa umeme, ambacho wewe hukiita askari wa getini, kimepasuka, cheusi tii. Nyuma yake kila kitu kizima. Askari alikufa, nyumba ikapona. Mzee Mchadi alinitafutia kingine kwenye mkebe wake wa mabodi mabovu, akanigeuzia nikisome kabla hajanipa. Mara ya kwanza risasi iliteleza, mara ya pili ikakaa. Nilipofunga, kiganja cha Rahaf kilikuwa kitupu. Akanionyesha mwenyewe, bila kuulizwa.

Bosi alinunua transfoma nyingine, lakini haikupatikana upesi, siku zikapita. Ilipofika niliisoma mgongo mara tatu. Nikachomeka. Mashine ikatoa taa yake ya kijani. Rahaf alivaa vile vya masikioni, akaita jina la binamu yake, na kule Riyadh watu wakapiga kelele kwa pamoja mpaka mimi nikawasikia. Kisha akachukua kalamu nene akaandika juu ya transfoma kwa herufi zetu: HASARA. Sasa ndilo jina lake. Hata madam husema, usimwage maji karibu na Hasara.

Nikaenda kwa bosi. "Mashine inawaka."

Ni mtu wa neno lake, sitamsingizia. Alichukua simu yake palepale. Lakini madam akasema siku zimekwisha, Jumapili wanakwenda Riyadh kwa bibi, kisha Ramadhani, na Ramadhani hakuna wa kumwacha. Zaidi ya hayo, Rahaf kwa furaha yake alikwisha kuwapigia picha binamu zake meza ilivyopangwa, na shangazi yao anataka nimpangie na zake, meza tatu! Ndiyo kazi uliyonifundisha hiyo, imenifunga miguu. Bosi akatazama sakafu, akasema, "Baada ya Idi, wallahi," akanionyesha kwenye simu kwamba ombi ameliandika, na jina langu liko. Nimeliona kwa macho yangu.

Nililia stoo, kati ya magunia ya mchele. Nakuambia ili usidhani nimekuwa mgumu. Kisha nikanawa uso nikapika.

Kwa hiyo Baba, naomba unisikilize, maana sijawahi kukuamrisha jambo. Usinisubiri. Mpaka Idi ni mbali, na hilo jicho la kulia halina subira. Nenda na Mghoi Voi wiki hii. Mghoi, utakaa pale pembeni, na kama hawatakuruhusu kuingia utakaa mlangoni, na daktari akitoka utamuuliza mbele ya Baba kama kila kitu kimerudi mahali pake. Muulize hivyohivyo, hata akicheka. Kama kiganja cha binti wa Kisaudi kilitosha, chako kitatosha.

Mama nampa shikamoo yake peke yake, na shuka aliyonayo Barasa ni yake, asiwape wageni. Shangazi anayeuza mboga sokoni mwambieni bado nakula, sijakonda. Mjomba mwalimu wa kwaya mwambieni nyimbo zake zinaimbwa jikoni Jeddah, kwa sauti ndogo. Mghoi, wewe nakusalimu mwisho kwa sababu ndiwe unayenisemea.

Ndani ya bahasha kuna picha. Rahaf ameichapa, inaonyesha nyuma ya ile meza, waya zote, kila fundo. Mghoi, usimweleze Baba kilichomo. Usimweleze hata kidogo. Baba, kwenye picha hiyo nimeacha kosa moja kwa makusudi, si la kuunguza, lakini kosa, na wewe ukiona waya umepita vibaya hulali. Weka picha chini ya mto. Siku watakayokufungua kitambaa, itazame mwenyewe, unitajie kosa liko wapi.

Na baada ya Idi nitakuja bila kupiga simu. Nitasimama mlangoni kimya, sitasema hodi. Usiulize ni nani.

Ni mimi mhesabu skrubu wako,
Wakio